Ikifika Magotini

Nyuma ya nyumba ya Waridi hapakuwa na ukuta. Palikuwa na mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe yanayofanana na matete, na nyuma ya mabingobingo palikuwa na Ntahangwa, mto ambao wakati wa kiangazi mtoto wa miaka mitano anauvuka bila kulowesha kaptula, na mvua zikianza unabeba mawe makubwa na kula ardhi ya watu bila kuomba radhi. Avenyu ile ilikuwa ya mwisho katika mtaa wa Buyenzi. Zamani ilikuwako nyingine baada yake, na wazee wanakumbuka hata majina ya waliokaa humo, lakini ilishuka mtoni nyumba kwa nyumba, na siku hizi ukiuliza habari zake unaoneshwa hewa.

Waridi aliletwa Bujumbura kutoka Tabora mwaka wa 1965, bibi harusi wa miaka kumi na minane, kwa treni mpaka Kigoma na kwa meli mpaka bandarini. Mumewe, marehemu Twalibu, alikuwa fundi cherehani. Alipofariki alimwachia nyumba, cherehani iliyovunjika mguu, na ufa wa urefu wa mkono nyuma ya jiko. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi wahenga hawakuwahi kukaa kando ya Ntahangwa, ambako hata huo ukuta unashuka. Komini, serikali ya mtaa, iliahidi kuleta gabioni, yale makapu ya waya yanayojazwa mawe. Kabla hayajafika vikafika vita, na vita vilipozoeleka vikafika vikwazo vya nchi jirani, hata sementi ya kuziba tundu la panya ikawa habari ya kusimuliwa tu.

Lakini Waridi na jirani yake, Mama Radjabu, walikuwa wameacha kungoja tangu mwaka ule wa kwanza wa vita. Walikwenda Kinindo kwa mtu mmoja mfuga ng'ombe, wakaomba mabua ya mabingobingo, wakayabeba vichwani safari sita. Kupanda kwake hakuhitaji cheti. Unakata bua lenye pingili tatu, unalilaza kidogo, pingili mbili ardhini na moja juu. Miezi mitatu ya kwanza huoni faida yoyote, watu wanakucheka. Baada ya hapo mizizi inashikana huko chini, na mvua ikija inakuta ardhi ina mwenyewe. Mwaka wa pili ule ufa wa nyuma ya jiko ulisimama palepale ulipokuwa. Mwaka wa tatu wanawake wa avenyu nzima walikuwa wanapanda, na Waridi akawa mkubwa wao bila mtu kumpigia kura.

Sheria zake zilijulikana. Mwenye mbuzi akate majani atakavyo, lakini asishuke chini ya goti, wala asing'oe. Takataka za jikoni zisitupwe mtoni, zioze shimoni, mbolea yake irudi kwenye magunia ya lengalenga, mchicha wa huko. Wanaochimba mchanga wakachimbie mbali, chini ya daraja. Kulikuwa na wanaume waliomwita waziri wa majani, tena mbele yake. Yeye aliwajibu kwamba mawaziri wengine wote wana magari na nyumba zao haziko ukingoni.

Sasa lazima nieleze jambo la neno moja, kwa kuwa bila hilo mengine hayataeleweka. Kule Tabora alikozaliwa Waridi, mtu akikupakulia chakula nawe ukasema "tosha," anaacha kupakua. Buyenzi sivyo. Buyenzi, kama ng'ambo ya Kongo, kutosha ni kutoa, kuondoa. Chakula kikiwa cha kiasi wao husema "inaenea." Basi juma la kwanza la ndoa yake Waridi alialikwa kwa jirani, Mama Radjabu akimpakulia wali, mgeni akasema kwa adabu, "Tosha, dada, tosha." Mama Radjabu akamtazama, akaanza kurudisha wali chunguni kijiko kwa kijiko. Kila Waridi akisema tosha, kijiko kingine kinarudi, mpaka sahani ikabaki nyeupe. Bibi harusi alilala na njaa na hakusema kitu. Siku alipojua kosa lake walicheka wote wawili mpaka wakakaa chini, na urafiki wao ulianzia hapo.

Tangu siku ile Waridi alijifunza. Alisema "inaenea" kama wenzake, alisema "tosha" kama wenzake, na watoto wa Buyenzi walidhani amezaliwa hapo hapo. Isipokuwa akiwa na haraka au hofu. Hapo ulimi ulirudi kwao bila kumuaga, na Mama Radjabu hakuacha kumtania. "Dada, leo umeamukia Tabora," humwambia.

Mwishoni mwa mwaka wa 1996 vita vya Zaire vilifika Uvira, na watu wakamiminika kuvuka mpaka wa Gatumba na magodoro vichwani. Miongoni mwao alikuwa Byamungu, mtu wa Bukavu, mlokole wa miaka thelathini hivi, na mkewe Sephora. Hawakuwa na karatasi wala ndugu. Waridi aliwapa chumba cha uani, kile cha karibu na mabingobingo, akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli alipona, maana Byamungu alikuwa mtu wa kazi. Aliziba bati, akasimamisha uzio, akabeba maji. Alimwita Waridi mama, naye Waridi, ambaye Mungu hakumjalia mtoto, hakulichoka neno hilo hata siku moja.

Septemba ya mwaka uliofuata, watu wenye silaha walishuka kutoka milimani wakifuata njia ya mto, wakajificha ndani ya majani, wakapiga risasi kwenye kituo cha askari darajani. Miaka ile mji ulikuwa umekatwakatwa. Kamenge ilikuwa ya hawa, Nyakabiga ya wale, na Buyenzi ilikuwa ya kila mtu, jambo ambalo halikumfurahisha yeyote. Kesho yake akaja luteni mmoja, kijana mwembamba mwenye macho mekundu, pamoja na Massoudi, shefu wa karitiye, yaani mkuu wa mtaa.

"Hii majani yote iondoke," luteni alisema. "Na muzizi yake. Siku tatu."

Massoudi alitikisa kichwa kukubali kabla mwenzake hajamaliza. Waridi ndiye aliyesema, "Bwana mkubwa, njoo kwanza nikuonyeshe kitu." Alimchukua nyuma ya jiko, akamwonyesha ule ufa, akamwonyesha ng'ambo ambako hakuna kilichopandwa, mlingoti wa umeme umebaki ukining'inia kwenye waya zake. Akamwambia kwamba mizizi ikitoka, mvua ya Novemba itazishusha nyumba kumi na nne na watu waliomo.

"Askari wangu bawili balikufa juu ya hii majani, mama."

"Najua. Mungu awarehemu. Tukikata mpaka hapa?" Waridi alijigusa goti.

Luteni aliangalia daraja, akaangalia goti la mama wa watu, akahesabu jambo kichwani mwake. "Mutu atajificha akilala," alisema. "Akilala tutamuona kutoka juu. Bon. Magoti. Ikizidi magoti, nitakuja kuichoma mimi mwenyewe, na nyumba."

Hivyo ndivyo yalivyokuwa mapatano, na avenyu nzima iliyajua mantiki yake: majani yakibaki marefu watauawa na askari, mizizi ikitoka watauawa na mto. Nafasi ya kuishi ilikuwa kati ya unyayo na goti.

Siku ya kwanza walikata. Siku ya pili walikata. Kufika mchana wa siku hiyo kilikuwa kimebaki kipande kimoja, kutoka nyuma ya jiko la Waridi mpaka nyuma ya chumba cha Mama Radjabu, na Byamungu alikuwa amekwisha shika panga kwenda kukianza. Ndipo akaja jirani mbio na habari kwamba Lubna, mtoto wa marehemu shemeji yake Waridi, ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya, wamemkimbiza hospitali, na anamwita yeye. Gari lilikuwa linanguruma barabarani. Dereva alikuwa anapiga honi, kwa kuwa saa ya kufungwa njia ilikuwa haiko mbali.

Waridi alivaa mtandio huku anakimbia. Alipofika pembeni ya nyumba aligeuka, akamwelekezea Byamungu kile kipande kwa mkono, akasema, "Baba, maliza hapo mpaka kwa Mama Radjabu. Ikifika magotini, tosha."

"Ndiyo, mama," Byamungu alisema.

Kesho yake njia zilifungwa kwa mapigano, na Waridi akakaa hospitali siku tatu. Lubna alijifungua mtoto wa kike kwa kisu, mzima, mwenye nywele nyingi. Waridi alirudi nyumbani kwa miguu akiwa na furaha yote ambayo mtu angeweza kuwa nayo mwaka ule. Aliingia uani, akapita jikoni, akatoka nyuma.

Ukingo ulikuwa mwekundu. Kutoka jikoni kwake mpaka kwa Mama Radjabu hapakuwa na jani, hapakuwa na kisiki, hapakuwa na hata kijiti. Udongo ulikuwa umelimwa na kusawazishwa vizuri, na pembeni mashina yote ya mabingobingo yalikuwa yamepangwa rundo, mizizi juu, yamekaukia juani. Byamungu alitoka chumbani akiwa amefunga vitambaa viganjani.

"Mama, ilikuwa nguvu sana," alisema. "Nilikata ikafika magoti, venye ulisema, kisha nikaitosha. Siku mbili na jembe. Hata muzizi moja haikubakia. Basoda ba ku daraja balinipongeza."

Alisimama pale akingoja, baada ya pongezi za askari, kusikia asante. Waridi alielewa papo hapo, hakuhitaji kuuliza. Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakirudi masikioni, safari hii kwa Kiswahili cha Buyenzi: ikifika magotini, toa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Msemo huo alikuwa ameusema mara elfu kwa kuwaonya wasichana wa watu, na leo ulimgeukia mwenyewe. Aliviangalia vile vitambaa viganjani. Mtu huyu alikuwa ametii mpaka ngozi ikamtoka.

"Asante, baba," alisema. "Kapumzike."

Mtu pekee aliyemwambia ni Mama Radjabu. Alikwenda kwake jioni ile ile, akakaa mkekani, akasema yote. Mama Radjabu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha mabega yakaanza kumcheza, akacheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa pembe ya kitenge.

"Miaka makumi tatu na mbili, dada," alisema. "Miaka makumi tatu na mbili, na bado unarudisha wali mu chungu."

"Usicheke. Ukingo umekwisha."

"Nicheke kesho? Kesho nani anaijua? Tutapanda tena. Ila usimwambie ule kijana. Atajisikia mubaya, na alifanya kwa moyo."

Walipanda tena. Pingili tatu, mbili ardhini, moja juu. Byamungu alisaidia, na alipouliza kwa nini wanarudisha kilichotolewa, Waridi alimwambia kwamba wanabadilisha mbegu, ile ya zamani ilikuwa imezeeka. Ulikuwa uongo mdogo na ulipita. Lakini bua linataka miezi mitatu, na mvua haikuwa na miezi mitatu ya kumpa mtu. Waridi aliwahamisha Byamungu na Sephora akawaweka sebuleni kwake. Kisha alimsihi Mama Radjabu ahame chumba chake cha nyuma. Mama Radjabu alisema chumba cha mbele kina joto na kelele za vyuma, maana mwanawe, Radjabu, alikuwa makanika na gereji yake ilikuwa mlangoni.

Kwa hiyo Waridi alimwendea Radjabu mwenyewe, akamkuta chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Mwanangu, mtoe mama yako chumba kile. Ukingo umechoka."

"Umechoka namna gani, mama mudogo? Si mulipanda?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Hili Waridi hakujisamehe baadaye, na mimi ninayesimulia simtetei. Angesema kwamba mizizi yote imetoka, Radjabu angetoka chini ya gari siku hiyo hiyo. Lakini angeuliza imetoka kwa neno la nani. Na Waridi, mkubwa wa wanawake, waziri wa majani, aliona aibu.

"Umechoka tu," alisema. "Mvua zinakuja."

"Wiki ijayo, inshallah. Nimalize hii gari ya batu."

Mvua haikungoja gari la watu. Ilikuja siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, na haikuanzia mjini bali kule juu, kwenye milima ambayo vita vilikuwa vimeichomea misitu. Huko hapakuwa na kitu cha kuyashika maji, yakateremka yote kwa pamoja. Mto ulifika Buyenzi ukiwa na rangi ya matofali, unabeba visiki na mabati ya watu wa juu. Watu walitoka kutazama. Kwenye majani yaliyokatwa magotini, maji yalipiga yakarudi, yakapiga yakarudi. Yalipofika kwenye kile kipande chekundu hayakupiga hata mara mbili. Jiko la Waridi lilikwenda. Chumba cha uani kilikwenda. Kisha ardhi ikalegea kuelekea upande wa jirani, na chumba cha nyuma cha Mama Radjabu kikainama polepole, mlango umefungwa, kikashuka.

Wa kwanza kuruka chini alikuwa Byamungu. Alichimba kwa mikono, maji yakiwa kifuani, Radjabu akifika nyuma yake na nyundo. Walimtoa Mama Radjabu kabla ya magharibi. Alikuwa na msala wake umemzunguka shingoni na tope kinywani, na alikuwa amekwisha kufa.

Walimzika kesho yake. Waridi alikaa na wanawake, akamwosha rafiki yake kwa mikono yake, akamtoa udongo kwenye kucha. Hakulia mbele za watu. Alichokuwa akikifikiri ni kwamba mtu mmoja tu duniani alilijua kosa lake, akalicheka, na mtu huyo ndiye huyu aliyelala hapa akivishwa sanda.

Siku ya tatu baada ya dua, wanaume walibaki gerejini kwa Radjabu. Wanawake walisimama mlangoni. Massoudi, shefu wa karitiye, alikaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, mbele yake amesimamishwa Byamungu, na Sephora nyuma yake ameshika mkono wake.

"Nyumba zote zilikatwa magoti," Massoudi alisema. "Nyumba zote ziko. Pahali moja tu ilitoshwa muzizi, na batu bote baliona ni nani alikuwa pale na jembe. Siku mbili. Donc mi nauliza: nani alikutuma?"

Byamungu alifungua kinywa. Alimtazama Waridi kule mlangoni, akafunga kinywa. Waridi aliona kwamba hatasema. Mtu huyu hangemtaja aliyempa paa, hata mbele ya watu hawa.

"Bale ba mu milima balitaka njia ya kupandia," mmoja alisema. "Bamemulipa."

"Mugeni bila karatasi," mwingine alisema. "Tulijua je ni mukimbizi wa kweli?"

Wengine walinong'ona. Radjabu alikuwa ameketi kwenye tairi, akiangalia mikono ya Byamungu, ile mikono iliyomtoa mama yake kwenye tope, na ilionekana kwamba hajui aifanye nini chuki yake.

"Sisi hatuna gereza hapa," Massoudi alisema mwishowe. "Tumupeleke ku basoda ba daraja. Bale batajua kumuuliza."

Kila mtu pale alijua jinsi askari wa darajani walivyokuwa wakiuliza, na kwamba waliopelekwa kuulizwa hawakuwa na kawaida ya kurudi. Sephora alianza kuomba kwa sauti ya chini, kwa Kimashi, lugha ya kwao, na watu wawili wakasogea mlangoni ili asipite mtu.

Waridi aliingia katikati ya wanaume.

Njia mbili zilikuwa mbele yake. Angeweza kueleza. Angeweza kusema: kwetu Tabora neno hili lina maana nyingine, mimi nilisema acha, yeye akasikia toa. Lakini aliziona nyuso zile. Wangesema, kumbe mama hakumtuma, kumbe alimkataza, kumbe mgeni ndiye aliyeamua. Wangemwuliza shahidi wake nani, naye shahidi alikuwa chini ya udongo tangu juzi. Ukweli kamili ungemrudishia Byamungu mzigo wote kichwani. Ulihitajika nusu ya ukweli, tena nusu ile mbaya.

"Mimi nilimwambia atoshe," alisema.

Alilisema kwa Kiswahili cha Buyenzi, wazi, pasipo haraka, neno likakaa mahali pake pasipo shaka lolote.

"Mama Waridi," Massoudi alisema, "fikiri kwanza."

"Nimefikiri. Alikuwa ameshika panga, mimi nikaenda hospitali, nikamwambia, ikifika magotini, tosha. Akatosha. Mwulizeni kama nadanganya."

Watu wote walimgeukia Byamungu. "Ni kweli," alisema. "Alisema vile."

"We?" Massoudi alisema. "We mwenye kutufundisha tusing'oe?"

"Niliogopa askari. Luteni alisema ikizidi magoti atachoma nyumba. Nikaona kwangu na kwa jirani yangu pawe peupe kabisa." Sentensi hii ya mwisho haikuwa na kweli hata chembe, na ilimtoka nyepesi kuliko zote.

Ndipo Radjabu aliposimama. Alikuja mpaka karibu naye, karibu sana, harufu ya mafuta ya gari ikamfikia.

"Ulikuja hapa," alisema. "Ulisimama pale, mi nikiwa chini ya gari. Ukaniambia ukingo umechoka."

"Ndiyo."

"Ulijua hakuna muzizi."

"Nilijua."

Waridi alimlea Radjabu, alimfunga nepi. Alitaka kijana ampige, angalau kitu kingekwisha. Radjabu alipita kando yake, akaingia ndani ya nyumba, akafunga mlango, na waliobaki nje walimsikia akilia kama wanaume wanavyolia, kwa kujizuia.

Massoudi alivunja kikao. Mjane wa watu hapelekwi kwa askari. Atabaki na Mungu wake. Wanaume waliokuwa mlangoni wakasogea, Sephora akamvuta mumewe kwa mkono, wakapita. Hakuna aliyemgusa Byamungu. Hakuna aliyemtazama Waridi.

Tangu siku hiyo alisalimiwa kwa heshima na watoto tu, ambao hawakuwa wameambiwa bado. Wanawake walichagua mkubwa mwingine wa kupanda. Walipopika khitma ya siku ya saba, sufuria za Waridi ziliazimwa, yeye mwenyewe hakuitwa.

Baada ya hiyo siku ya saba, asubuhi, Byamungu alimjia sebuleni. Godoro lilikuwa limefungwa kamba, na Sephora alikuwa ameshasimama nje na masufuria ndani ya beseni. Walikuwa wamepata mahali Kamenge, kwa watu wa kanisa lao.

"Mama," alisema, lakini alilisema kwa taabu. "Sikulala tangu ile siku. Nataka kukuuliza neno moja."

"Uliza, baba."

"We ulijua hii muto. Mi nilikuwa mugeni, ungeniambia nilime hata barabara ningelima. Hii mikono ndiyo ilitosha ile majani. Hii mikono ndiyo iliua ule mama. Sasa kwa nini uliniambia? Ulijua atakufa mutu, na ukanituma mi."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Waridi alikaa kwenye kigoda chake, na jibu lilikuwa tayari, fupi, lisilohitaji shahidi, kwa kuwa huyu angemwamini. Sikukutuma, mwanangu. Nilikuambia uache. Lingemsafisha yeye mbele ya mtu pekee aliyekuwa akimwita mama. Na lingemwacha Byamungu aondoke akijua kwamba hakuna aliyemwagiza, kwamba mama yule alikufa kwa sababu ya sikio lake na nguvu ya mikono yake. Afadhali amchukie mtu kuliko ajichukie. Chuki ya mtu mwingine huchakaa.

"Nilikosea, mwanangu," alisema.

Byamungu alingoja. Alidhani lipo neno jingine linakuja. Sephora alimwita kutoka nje, kwa upole, mara moja.

"Mungu atakusamehe, mama," alisema. "Mi bado."

Aliinama, akainua godoro, akaliweka kichwani. Waridi alitoka mpaka kizingitini. Walikwenda wakifuata avenyu, mume mbele, mke nyuma na beseni lake, wakapita gereji, wakapita msikiti mdogo, na hawakugeuka. Waridi alifunga mdomo kwa pembe ya mtandio wake na kuuma kitambaa. Hakumwita. Alijijua: Byamungu angegeuka mara moja tu, angemwambia yote.